Kikombe cha Maji Baridi

Kwa miaka thelathini Bi Mwanaidi aliwapeleka msituni vijana waliowashinda wazazi wao. Huko sheria ilikuwa moja: hakuna kumuuliza mtu jambo mpaka maji ya chai yachemke. Asiyekuwa tayari kusema aliruhusiwa kuongeza kikombe cha maji baridi.

Tangu astaafu alipikia gesi, na hakuwa na wa kumuuliza.

Asubuhi moja mwanamume mwenye mvi za kwanza alipiga hodi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakutaja jina. Alizunguka uani, akapanga mafiga, akaokota vijiti, kila kimoja akikigusisha shavuni kwanza kuona kama kimekauka. Hivyo ndivyo Bi Mwanaidi alivyowafundisha vijana wake. Kumbe ni mmoja wao. Lakini yupi? Na amefuata nini baada ya miaka yote hiyo? Bi Mwanaidi akaleta sufuria, swali limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maji yakaanza kuvuma. Bi Mwanaidi akafungua kinywa. Mgeni akachota kikombe cha maji mtungini, akamimina. Sufuria ikanyamaza.

"Kuni zipo tele, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi, akasogeza kigoda chake karibu na moto.