Raba za Mpeleka Barua

Saa moja kamili asubuhi, kama kila siku, mzee alitazama saa ya ukutani, akaanza tena kutafuta raba zake.

"Mke wangu, hujaziona?"

"Nizipeleke wapi mie, na miguu yako hiyo kama mitumbwi?" mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. Ulikuwa uongo. Siku za mwizi ni arobaini, na leo ndiyo ilikuwa ya arobaini: saa tatu walitakiwa kliniki.

Alizificha mwenyewe, ndani ya sanduku la cherehani bovu. Daktari alisema moyo uliowahi kugoma hauponi kitandani. Mgonjwa atembee nusu saa kila siku, la sivyo moyo utazidi kudhoofu. Lakini daktari hakuwepo siku ile mvua ilipoanza, mke akapiga kelele, "Kimbia juu ukaanue nguo!" na mzee akaanguka ngazini kama gunia. Yeye ndiye aliyemtuma. Heri mume mvivu kuliko mume marehemu, alijiambia.

Mzee alipanda ghorofani, akashuka. Akachungulia chini ya vitanda, akazunguka ua hadi getini, akarudi. Mke alipoinuka amsaidie, akamzuia: "Kaa, bibie, nitaziona tu." Jamani! Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini, akapata hata nyumba zisizo na namba, leo raba zimemshinda. Huruma ilimkata mke maini. Kila mzee alipolikaribia lile sanduku, mke aliacha kupumua. Na kila mara mzee alilipita.

Kliniki mke aliingia kama mtu anayekwenda kusutwa. Daktari alimpima mzee kifua, akampandisha na kumshusha kwenye kijingazi, akampima tena. Akatabasamu.

"Hongera, mzee. Moyo umepata nguvu kweli. Unatembelea wapi?"

"Nyumbani tu."

Mke akashindwa. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Hatembei, daktari! Anahangaika kutwa kutafuta raba nilizomficha mimi. Niliogopa ataanguka tena kwa kosa langu. Nisamehe, mume wangu, zimo ndani ya..."

"Ya sanduku la cherehani bovu," mzee alimalizia, akimpangusa machozi kwa kiganja. "Nilizikuta siku ya kwanza, mama. Nikazirudisha, ndipo nikaanza kuzitafuta."