Lango la Tatu

Askari wawili walisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Katikati yao alikuwepo Mzee Chaupele, mlinzi wa malango ya bwawa, amefungwa pingu. Watu tisa walikuwa wamesombwa na maji bondeni, na usukani wa lango la tatu ulikuwa chini ya uangalizi wake.

“Nyamizi mwanangu, waambie hawa. Lango sikuligusa. Mashine yako si huandika kila kitu?”

“Huandika, mzee.”

“Basi waoneshe, waache kunikokota kama mbuzi wa mnadani.”

Nyamizi, msimamizi wa kompyuta za bwawa, aligeukia skrini. Madirisha mawili meusi yalifanana kama mapacha: moja la mashine ya majaribio, jingine la bwawa lenyewe. Kanuni ya ofisi ilikuwa kutaja jina la mashine kwa sauti kabla ya kubonyeza. Jana hakulitaja. Aliusoma tena mstari katika kumbukumbu za mashine ya bwawa: saa nane na dakika kumi na mbili mchana, fungua lango la tatu, amri ya Nyamizi.

Alikuwa na mamlaka ya kufuta mstari wowote. Aliandika amri ya kufuta, akaitazama, kisha akaiondoa herufi moja moja. Akaandika ya kuchapa.

Karatasi ilipotoka, Mzee Chaupele, asiyejua kusoma, aliinyakua haraka kwa mikono yenye pingu, akaikumbatia kifuani.

“Mungu akuzidishie, mwanangu.”

Askari alinyoosha mkono aisome, lakini mzee hakutaka kuiachia.