Kikombe Hakijapoa

"Nimefika, baba watoto," mke wa Fundi alisema kwenye simu. "Osha kikombe."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao tangu waoane. Anayesafiri huacha chai nusu, na anayebaki haoshi kikombe mpaka asikie mwenzake ametua salama. Majirani waliwacheka mpaka wakachoka wenyewe.

Fundi alishusha pumzi. Akabana simu begani, akachukua kikombe mezani, akafungua bomba. Ndipo vidole vyake vikamshtua.

Kikombe kilikuwa bado cha moto.

Akakitazama. Chai nusu, alama ya mdomo wa mkewe ukingoni, na mvuke mwembamba ukipanda. Kwenda mji aliosafiria mkewe ni saa tatu angani, hata rubani awe na haraka ya kuwahi harusi yake mwenyewe. Kwa muda huu teksi iliyomchukua ilikuwa haijafika hata uwanja wa ndege.

"Mama watoto, umefika wapi?"

"Haya, umeanza maswali yako!" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Safari ilikuwa fupi, wala sikuchoka. Na mama yako kaja kunipokea. Anasema umekonda."

Mama yake walimzika mwaka juzi, yeye na mkewe wamesimama bega kwa bega.

Maji yalikuwa yanamwagika bure.

"Osha basi, mume wangu. Nisikie."

"Sioshi," akasema Fundi.

Akafunga bomba, akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili, kisije kikapoa.