Gari Dogo Nalo Linakwenda

Mutai alikuwa amelala chini ya gari dogo, miguu tu ndiyo inaonekana, simu yake ilipolia juu ya boneti. Cherotich, mkewe, aliinama akasoma jina: Ann.

Mumewe alitoka mbio, akajigonga paji la uso, akaichukua simu na kwenda nayo hadi kwenye mapipa ya taka, upande wa pili wa maegesho. Upepo ulimletea Cherotich maneno machache tu.

"Hapana, bado hajui. Nitamwambia tukishafika huko baharini."

Fiona wa ghorofa ya pili, hapa hapa mtaa wa Al Mansoura, alianza kuachwa hivi hivi, kwa simu za kuendea kando. Leo mumewe ana nyumba nyingine mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na Fiona anakula peke yake. Ee Bwana, Cherotich alisema moyoni, nisiwe mimi.

Mutai alirudi, akaendelea kukaza chuma cha kulivutia gari dogo nyuma ya lile kubwa, lile la kulala lenye kitanda na jiko, ambalo Wesley wa kazini kwake alikuwa amewaletea asubuhi hiyo. Wikendi nzima mchangani kando ya bahari, wao wawili tu. Cherotich alifurahi, mpaka alipoambiwa gari dogo nalo linakwenda. La nini, kama si la mtu kuchomoka nalo mwenzake akisinzia, arudi mjini kwa anayemjua yeye?

"Baba Chebet, si mimi niliendeshe hili nikufuate nyuma? Umesahau nilivyoendesha lori la baba, ile kanta, kule Eldoret?"

"Hapana. Likivutwa halitaki dereva. Dereva mmoja anatosha."

"Na tukiliacha hapa?"

"Kukitokea jambo, hilo kubwa litanasa mchangani. Hili litafika mjini upesi."

"Jambo gani?"

Mutai alijifanya ana nati ya kukaza.

"Mwache, shemeji," Wesley akacheka kutoka kando ya gari kubwa. "Huyu ukimsumbua atafunga minyororo ya gari kwenye nguzo ya stima."

"Wewe nyamaza. Tangu mwezi jana unambeba kwenda kazini kama bibi harusi. Gari lake limeota pembe?"

Wesley akaacha kucheka, akatazama viatu vyake.

Cherotich aliingia gari dogo kama alivyoagizwa. Gia akaiweka frii, hendibreki akaiachia, ufunguo akauacha umegeuzwa kidogo ili usukani usijifunge na magurudumu ya mbele yafuate kona. Vidole vyake vikabaki palepale kwenye ufunguo. Auchomoe tu, autie kifuani, na safari imekufa. Kisha akayaona akilini yale magurudumu yakiburuzwa barabarani, na watoto wa watu kwenye gari linalofuata nyuma. Mungu anaona. Akauacha, akaubamiza mlango.

"Sasa panda kwenye kubwa, unikanyagie breki!" Mutai aliita kutoka nyuma.

Akapanda, akakanyaga.

"Tena! Indiketa ya kushoto! Sasa kulia!"

Taa za gari dogo ziliitika moja moja. Mutai akavuta minyororo, akaiacha, akarudi akaivuta tena. Akaja dirishani anatoka jasho, na hewa yenyewe ni ya baridi.

"Kiti kimekukaa? Miguu inafika vizuri?"

"Ifike wapi? Si ulitaka taa tu?"

Wesley alikuja kumuaga Mutai, akamkumbatia kwa muda mrefu kuliko mtu anayekwenda kuota jua na kurudi. Kumbe huyu naye anajua, Cherotich aliwaza. Wote wanajua isipokuwa mimi.

Hapo akakata shauri. Haliondoki gari mpaka aambiwe Ann ni nani, na majirani wakitaka kusikia, wasikie. Alishuka, akalizunguka gari kubwa kwa hatua za haraka, akauvuta mlango wa abiria kwa nguvu zake zote.

Mutai alikuwa ameshakaa hapo, mkanda ameufunga, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ann ni nani?"

"Daktari wa kichwa," alisema. "Tangu nilipoanguka na kuzimia kazini mwezi jana, amenikataza kushika usukani. Rudi upande wa dereva, Mama Chebet."