Jina Ambalo Chura Hakulitaja

Chiriku alisifika kwa sauti tamu, lakini katika hoteli ya Mama Kiboko wageni walikula na kupiga soga kana kwamba hayupo. Akaanza kuwasifu kwa majina. Fisi alipotajwa alivimba kichwa, kisha akarudia mfupa wake. Kila aliyetajwa akafanya vivyo hivyo.

Mama Kiboko akachoka, akampandisha jukwaani Chura mwenye sauti ya kukwaruza. Chura akaimba, “Humu ndani yumo mmoja aliyeuteka moyo wangu. Nitamtaja mwishoni.”

Ukumbi ukatulia. Twiga alibanwa na haja, lakini hakuthubutu kutoka. Wimbo ukaisha bila jina, nao wakadai urudiwe.

Wageni walipoondoka, Chiriku alimfuata Chura, akamnong'oneza, “Ndugu yangu, ni mimi, siyo?”