Kumlinda Lukumani

Ndoo ya asali ilipopinduka, karakana nzima ilinyamaza isipokuwa redio ya Awadhi.

Koleta alisimama katikati ya utelezi. Awadhi, fundi wa mashine ya kufunga vifuniko, alikuwa amemgusa bega kwa nyuma. Alitaka kumsalimia tu. Koleta akaruka kama aliyeunguzwa, kiwiko kikaipiga ndoo, na kabla hajajijua akawa anapiga mayowe. Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo aliwahi kujifungia stoo mpaka wakavunja kitasa.

"Dada Koleta, njoo ofisini," Julieth, bosi wao, akaita.

Mwito huo ulimkata maini. Alitoka kwao Lusu miaka mingi nyuma, akapata kazi hii ya kujaza asali kwenye chupa hapa Cheyo, na aliipenda. Alipenda asali inavyoshuka taratibu. Hakupenda kingine chochote ndani ya jengo lile. Akafanya alichofanya kila alipotarajia kugombezwa: akajipachika pamba masikioni, akashusha mtandio juu yake.

Maneno ya Julieth yakamfikia vipande vipande. "…usonji… si kosa la mtu… Jumatatu anakuja Lukumani… meza yako… mpe nafasi…"

Koleta akaitikia kwa kichwa. Kumbe hafukuzwi! Anakabidhiwa mtu amwangalie. Akiharibu na hili, basi tena.

Jioni alimgongea jirani yake Shamila, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

"Mtu mwenye usonji unakaa naye vipi kazini?"

"Dunia inamfikia kwa kishindo kuliko inavyotufikia sisi," Shamila akasema, huku akipepeta mchele. "Usimguse ghafla. Usimlazimishe kukutazama machoni. Mpunguzie kelele. Jambo likibadilika, mwambie mapema."

"Mbona hiyo ni adabu ya kawaida tu?"

Shamila akacheka, akadhani ni utani.

Jumatatu Lukumani alifika: kijana wa mjini, kanzu safi, kofia iliyodariziwa kwa mkono. Alisimama mlangoni mpaka Koleta alipomwona. Hakutoa mkono. Akaangalia viatu vyake.

"Habari za asubuhi, dada. Naitwa Lukumani. Nitakaa mwisho wa meza. Sitashika kitu bila kukuambia."

Masikini, Koleta akawaza. Hata salamu kaikariri. Yeye mwenyewe alikariri zake kila asubuhi njiani, lakini huko, aliamini, ni kujiandaa kama watu wote.

Baada ya muda Lukumani akauliza polepole, "Redio hii… unaonaje? Iwepo au isiwepo?"

Koleta akamwonea huruma. Kijana anaumia na hathubutu kusema! Akaenda moja kwa moja kwa Awadhi. "Zima. Kuna mtu hapa inamtesa."

Miaka yote hakuwahi kuthubutu kumwambia hivyo. Awadhi akamtazama, akamtazama na Lukumani, akazima.

Siku iliyofuata ikawa zamu ya taa. "Ile ya juu inavuma, sivyo?" Lukumani akasema.

"Na wewe unaisikia?"

"Nimeona unavyoitazama."

Koleta akadai ibadilishwe, ikabadilishwa. Akadai watu wasipite nyuma ya meza yao. Akadai kazi za kesho zitangazwe leo. Chakula cha mchana akamtengea Lukumani nafasi kibarazani kwa nyuma, mbali na vicheko vya wenzao, naye akakaa hapo hapo ili asijione mpweke. Walikula ugali wao kimya. Koleta hakukumbuka kama aliwahi kula kazini mpaka akashiba.

Akawapigania wenzake wamwelewe. Magreth wa kubandika lebo alipomwita Lukumani kwa sauti, Koleta alimfuata kando. "Si jeuri yake kutoitika. Maneno yanachelewa kumfikia. Mpe muda." Magreth akamshika mkono, kisha haraka akauachia. "Nimekuelewa, dada," akasema, machozi yakimlengalenga.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomtatiza. Jumamosi moja, akikatiza sokoni ameziba masikio kwa viganja, alimwona kijana mbele ya spika kubwa, akicheza, akipigana vikumbo na wenzake na kucheka mpaka kofia ikadondoka. Alifanana na Lukumani kama pacha. Koleta akatikisa kichwa. Kweli watu hufanana.

Chupa za asali zikawa zinatoka safi, nyingi kuliko zamani. Mayowe yakasahaulika, na stoo ikapata kitasa kipya ambacho hakuna aliyekivunja. Koleta alilala usingizi mzuri, akijua kuwa kuna binadamu mmoja amemwokoa.

Ndipo asubuhi moja akamkuta Lukumani anafunga begi lake.

"Leo ndiyo mwisho wangu hapa," akasema, akitazama viatu. "Kuanzia kesho nipo Igunga. Bosi alisema atakuambia mapema. Hajakuambia?"

Koleta akageuka. Akaingia ofisini bila kubisha hodi, bila pamba, na kwa mara ya kwanza akamkazia Julieth macho.

"Bosi, si haki! Mtu ameshazoea. Kila kitu ameshakijua kilipo. Leo unamng'oa, unamtupa kusikojulikana, kwenye kelele, atamalizika! Nifukuze mimi ukitaka, lakini nakuomba, mwenye usonji mwache abaki."

Julieth akasimama, amepigwa na butwaa.

"Nani kakwambia unaondoka, dada Koleta? Anayeondoka ni Lukumani tu. Tulimwomba aje akusaidie mpaka utulie, na sasa kuna mwenzako Igunga anamsubiri."