Firigisi ya Mzee Oluoch

Firigisi haikuwamo kwenye sahani.

Mzee Oluoch aligeuza vipande vya kuku kwa kijiko, akageuza tena, kisha akaweka kijiko chini. Akawatazama wote waliokuwa sebuleni mle, mtaani Migosi. Kuku alichinjwa kwa ajili ya mke wa ndugu yake, Jaji Apiyo, aliyestaafu Ijumaa. Lakini firigisi, kwa desturi ya ukoo wao, ni ya mwanamume mkubwa nyumbani. Mwanamke haionji.

"Nani alipika?"

"Mimi, Baba," alisema Nangila. Alikuwa ametoka kwao Bungoma kuolewa na mtoto wa Jaji miezi miwili tu iliyopita.

"Si nilisema? Watu wa Bungoma na uroho wa kuku! Simama hapo kando ya friji. Usiponipa jibu, kesho unarudi kwenu kuleta jogoo wa faini, na mama yako aje akimbeba."

Nangila alisimama. Machozi yalimlenga. Mama yake angeaibika mbele ya mtaa mzima. "Niliipakua, Baba. Nikatoka kuchota maji ya kunawa. Niliporudi, haikuwepo."

"Haina miguu hiyo!" Mzee akamgeukia Jaji. "Nyar Sondu, binti wa Sondu, amua. Wewe ndiye mwanamke wetu wa kwanza kusomea sheria. Wa kwanza kufungua ofisi ya uwakili hapa Kisumu, wanaume wakikucheka. Wa kwanza kukalia kiti cha Mahakama Kuu. Sasa firigisi ikushinde?"

Jaji Apiyo alijipangusa midomo kwa kitambaa, polepole.

"Kesi hii siisikilizi. Najiondoa."

"Kwa sababu ni mke wa mtoto wako?"

"Jaji mwenye lake ndani ya kesi haisikilizi, Mzee. Nimeshika sheria hiyo miaka yote, siivunji leo. Lorine ataamua."

Lorine, aliyekuwa karani wake mahakamani, alipaliwa na soda. Hata hivyo alihamia kiti cha Jaji, akaketi ukingoni kana kwamba kina moto.

"Nangila," Jaji alisema akiinuka, "kaa ule, chakula kinapoa."

Kisha akavuka sebule, akasimama kando ya friji, mikono nyuma.

"Mheshimiwa Lorine, nakiri kosa," alisema. "Na wewe, Mzee, ongeza hiyo kwenye orodha yako ya 'wa kwanza'."